Barua za Bibi wa Nyota

Jumatatu, 4 Machi

Shajara hii nimeletewa na mwanangu. Ina jalada gumu la buluu, na kwenye kona jina la kampuni yao limechapwa kwa rangi ya dhahabu. Kampuni gani nyingine inawapa wafanyakazi vitabu vizuri hivi waende kuwapa mama zao? Akaniambia, "Mama, maneno yako hayaishi, yaandike." Basi naandika. Sekondari sikuiona, lakini mwandiko wangu hata karani wa posta huusifu.

Niseme mapema, asije mtu akasoma akapotea. Mimi ni fundi cherehani, kibaraza changu kiko mbele ya nyumba yangu, na naishi na dada yangu mkubwa. Yeye ni mjane. Mumewe alimwachia kiwanja nyuma ya soko, hakumwachia mtoto. Mimi ninaye mmoja tu, na mtaani wanamwita Profesa tangu hajaota ndevu. Amemaliza chuo, na tangu mwaka jana anaandika katika ofisi ya matangazo huko jijini. Mimi si mtu wa kujisifu, lakini katika mtaa huu nitajie mwingine anayelipwa kwa kuandika maneno matupu.

Alhamisi, 7 Machi

Profesa amepiga simu. Anataka nimkusanyie anwani za wote waliomchangia ada ya chuo, awatumie kadi za shukrani. Nikamwambia, mwanangu, shukrani utawapa ukija. Akasema hapana Mama, barua ina heshima yake. Hapo ndipo nilipojua nimezaa mtu.

Nimezunguka nyumba hadi nyumba na mwavuli uliovunjika mbavu, mvua ikinichapa upande mmoja. Kwa mama muuza mkaa nilikaa sana, tena kwa makusudi, maana mwanawe ni dereva wa lori ambaye hata salamu hajui kutuma.

"Andika vizuri namba ya sanduku langu," akaniambia, "nisije nikaletewa shukrani za mtu mwingine."

"Wewe barua gani umewahi kupata isipokuwa bili ya maji?"

Tulicheka wote, lakini mimi nilicheka zaidi. Anwani nimemsomea Profesa kwenye simu moja moja. Ya dada yangu aliijua kwa kichwa.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Dari inavuja juu ya kitanda cha dada. Tumeweka beseni.

Jumanne, 19 Machi

Dada kapata barua. Si bili, si ya msiba. Imeandikwa kwa mkono, wino wa zambarau, na anayeandika anajiita Bibi wa Nyota. Dada ameisoma kwenye kigoda cha jikoni mpaka chai ikamwagikia moto.

"Anajua mguu wangu unauma," akasema.

"Dada, mtu wa umri wako ambaye mguu haumuumi ni nani?"

"Wewe."

"Mimi nakanyaga cherehani. Mguu wangu ukiuma nani atatulisha?"

Hakucheka. Nikaichukua nikaisoma. Inasema: "Mpendwa wangu, jana nilipofumba macho uso wako ulinijia kabla sijauita. Umewabeba wengi, na hakuna aliyekuuliza umechoka wapi." Mwishoni anaomba sadaka kidogo kwa hawala ya posta kabla mwezi haujapevuka, na anakataza habari hizi kuambiwa mtu, maana jicho la jirani huzima nyota. Uongo mtupu. Ila aliyeandika anajua kuandika, hilo sikumnyima. Nilisema moyoni, huyu angepata kazi kwa akina Profesa.

Jumamosi, 23 Machi

Leo nimecheka mpaka sindano ikanichoma. Mama muuza mkaa alikuja kubadilisha zipu ya sketi, uso unang'aa kama kapakwa mafuta.

"Nina siri nimekatazwa kuisema," akaanza.

"Basi usiseme."

"Nasema nusu. Katika mji huu mzima nimechaguliwa mtu mmoja." Akachomoa barua kifuani. Wino wa zambarau. Akaanza kusoma kwa sauti ya kanisani: "Mpendwa wangu, jana nilipofumba macho uso wako ulinijia..."

"Kabla sijauita," sauti ya dada ikamalizia kutoka ndani.

Akatoka na yake mkononi. Huyu anasoma mstari, yule anamalizia, kama watoto wanaoimba jedwali la kuzidisha. Mpaka kwenye uchovu wakafika pamoja.

"Umeiba barua yangu," dada akasema.

"Niibe barua yenye jina langu? Nyie wenye wasomi ndio mnadhani posta yote ni yenu."

Nikawanyang'anya. Nikaweka moja juu ya nyingine, nikaziinua kwenye mwanga wa mlango. Kila herufi imelala juu ya mwenzake kama mikono miwili ya shati iliyokatwa pamoja. Hata tone la wino pembeni, lile lililofanana na chozi, lilikuwa mahali pale pale. Nikawaambia huu si mkono wa mtu, ni mashine.

Mama muuza mkaa akasema alijua tangu mwanzo. Uongo, alishatuma hawala jana, nilimwona posta kwa macho yangu. Dada alikunja yake taratibu, akasema, "Ni kwamba nyota zetu zimekaribiana." Nikaacha kucheka.

Alhamisi, 28 Machi

Katika barua ya pili Bibi wa Nyota alimtabiria dada kwamba bahasha yenye utepe mwekundu itamfikia kabla ya wiki kwisha. Leo imefika, yenye utepe mwekundu. Ofisi Kuu ya Zawadi inampongeza. Ameshinda gari. Kinachotakiwa ni ada ya kulitoa ghalani.

"Gari," nikamwambia. "Wewe ambaye baiskeli ilikushinda."

"Nitaliuza nikuzibie dari."

Nilirudi kwenye cherehani. Amekwenda posta mwenyewe kwenye mvua, na ule mguu.

Mama muuza mkaa ameniuliza kadi za Profesa ziko wapi, mbona wengine wanapata barua za wachawi lakini za shukrani hazifiki. Nimemwambia mwanangu ana kazi nyingi, si kama kuendesha lori.

Jumanne, 2 Aprili

Ada nyingine. Ile ya kwanza ilikuwa ya ghala, hii ni ya muhuri. Dada haweki tena barua mezani.

Jumanne, 9 Aprili

Nimekwenda kwa karani wa posta, yule ambaye miwani yake imefungwa uzi. Nikampa zile bahasha nilizozipata chini ya godoro la dada. Ndiyo, nilipekua. Mwenye kuona vibaya aone.

Akazigeuza nyuma na mbele. "Dada yako alinunua tiketi ya bahati nasibu?"

"Hajawahi."

"Basi ameshinda mbio ambazo hakukimbia." Akanionyesha mihuri. Ya Bibi wa Nyota na ya Ofisi Kuu ya Zawadi imegongwa kwenye posta moja, siku zinazofuatana. Anayetabiri ndiye anayetuma. "Mwambie asijibu. Akijibu mara moja tu, jina lake linauzwa kwa wengine kama mitumba, robota kwa robota. Na bahasha msichome, mnaharibu ushahidi. Wanawake wengi hapa huzichoma kwa haya."

"Si mlifunge hilo sanduku linalopokea hawala?"

"Mama, tunaandika kila mwaka. Sanduku limefunguliwa kwa jina la kubuni. Mpaka atokee mtu aseme kwa kinywa chake, hawa ni fulani na fulani, mimi nawajua."

Nikasema Mungu amlaani huyo fulani na mama aliyemzaa.

Jumatatu, 15 Aprili

Dada ameacha kula nami. Nikimwambia aliyosema karani, ananitazama kama mimi ndiye mtoto. "Wewe una kijana anayekupigia simu Jumapili. Mimi akiniandikia mtu unataka awe mwizi."

Leo nimepita nyuma ya soko nikamwona mwanamume anapima kiwanja chake kwa hatua, viatu vimejaa tope. Nikamuuliza anapima nini. Akasema ananunua, wamekubaliana, analeta pesa tarehe ishirini na sita. Bibi wa Nyota amempa dada mwisho wa mwezi. Baada ya hapo gari linakwenda kwa mtu mwingine na mlango wa bahati unafungwa.

Kile kiwanja ndicho kitu pekee ambacho mumewe alishika kwa jasho lake. Kikienda, dada hana pa kusema hapa ni pangu. Atabaki kwangu kwa hisani, naye hisani hawezi kuila. Namjua.

Jumamosi, 20 Aprili

Sijui nianzie wapi. Naanzia kibarazani.

Asubuhi dada alinijia na gauni lake la kuendea arusi. Alikuwa mpole, kama zamani. "Nishonee kifungo chekundu," akasema, "ndani ya pindo, upande wa kushoto, kisionekane."

Mkono wangu ulikuwa kwenye gurudumu la cherehani. Nikalisimamisha.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Usiulize. Shona."

"Dada, sishoni mpaka uniambie."

Akanipa barua. Imeandikwa: "Shona kifungo chekundu ndani ya pindo la kushoto. Hofu ikikujia, kiguse, ujue kuna anayekupenda anakungoja nje." Halafu chini: "Yupo pia mtoto aliyeondoka kabla hajapewa jina. Anakutazama. Anakuomba usikate tamaa kabla ya mwisho wa mwezi."

Hiyo ya kifungo si mila ya kabila lolote, haimo katika kitabu chochote. Niliitunga mimi. Profesa alikuwa na mtihani wake wa kwanza mkubwa, anatetemeka, hataki kuvaa kaptura. Nikachukua kifungo chekundu kilichobaki kwenye blauzi ya mteja, nikakishona ndani ya pindo, nikamwambia maneno yale yale, neno kwa neno. Nikamngoja nje ya shule mpaka akatoka. Nilifanya hivyo kila mtihani, mpaka akawa mkubwa akaona haya. Sikumwambia mtu. Hata dada hakujua, yeye alikuwa kwa mumewe.

Na yule mtoto wa dada. Aliishi siku moja. Tulimzika sisi wachache, na baada ya hapo hakutajwa tena katika nyumba hii. Nilimweleza Profesa mara moja tu, aliponiuliza kwa nini Mama Mkubwa hapendi kubeba watoto wa watu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hiki nilikishona mwenyewe.

Nimemwambia dada uzi mwekundu umekwisha.

Jumapili, 21 Aprili

Sikungoja anipigie.

"Mama, mbona mapema? Umeamka salama?"

"Bibi wa Nyota ni nani?"

Nikasikia watu wanacheka nyuma yake, pengine redio. Akasogea mahali.

"Mama, hiyo ni kazi. Kuna wanaochapa, kuna wanaofungua bahasha. Mimi naandika tu."

"Unaandika nini?"

"Maneno ya faraja. Mama, wale watu hawana anayewaambia neno zuri. Hakuna anayelazimishwa."

Mtoto huyu nilimfundisha kusema kweli kwa fimbo na kwa maandazi. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kunidai daftari jipya.

"Zile anwani," nikasema.

"Kila mwandishi hutakiwa kuleta majina ya wazee anaowafahamu. Nisingeleta wangemchukua mwingine. Mama Mkubwa nilisema atumiwe ile ya kwanza tu, afurahi. Wakuu waliona amejibu, wakataka nyingine. Nilishindwa kukataa."

"Na kifungo changu?"

Nikamsikia akivuta kiti.

"Na mtoto wa dada yangu?"

"Mama, ukikaa siku nzima unaandika, mwisho unaandika unachokijua." Kisha akasema haraka, "Namtoa Mama Mkubwa kwenye orodha leo hii. Hatapata tena hata moja. Nakuapia."

"Na mama muuza mkaa? Fundi viatu? Wale wote niliowapigia hodi?"

"Mama, usinibebeshe mtaa mzima."

Mtaa mzima ndio uliombeba yeye. Nilitaka kumwambia hivyo. Nimekata simu.

Jumatatu, 22 Aprili

Sikushona.

Jumatano, 24 Aprili

Siku mbili nimezunguka na neno hili mdomoni kama pini ninazozishika kwa meno. Leo nimemwambia. Alikuwa anamwaga maji ya beseni dirishani.

"Dada, Bibi wa Nyota ni Profesa."

Akatua beseni. Nikamweleza yote, kadi, anwani, kifungo. Nilingoja alie, au anitukane, au aseme ndiyo matokeo ya kumdekeza. Nilikuwa tayari kwa lolote. Alikaa kitandani, upande ulio mkavu.

"Kwa hiyo alikumbuka," akasema.

"Nini?"

"Habari za mwanangu. Miaka yote hii hakuna aliyenitajia. Hata wewe. Nilifikiri mmesahau wote." Akakunja shuka, akalikunjua. "Yeye alikumbuka."

Dada yangu nimemcheka katika kurasa hizi, nimerudi kuangalia. Nimeona kwamba aliwapa wale watu pesa kwa kitu ambacho mimi nilikuwa nacho bure, nikamnyima kwa sababu nilikuwa nazungumza juu ya mwanangu.

Ijumaa, 26 Aprili

Mnunuzi amekuja na pesa kwenye bahasha ya kaki. Dada amemwambia kiwanja hakiuzwi. Yule bwana akafoka, akataja usumbufu wake na viatu vyake. Dada akamsikiliza mpaka akamaliza, akamwambia asante kwa kuja, akaingia ndani akafunga mlango.

Nilidhani yamekwisha.

Jumamosi, 27 Aprili

Barua mpya kwa dada. Si zambarau, ni nyeusi, kutoka kwa mtu anayejiita Mzee wa Mizani, na inajua kuhusu mtoto. Karani alisema robota kwa robota. Profesa anaweza kumtoa dada kwenye orodha yake, lakini orodha imeshapita mikono mingapi?

Nimekwenda kwa mama muuza mkaa. Alikuwa anapanga makopo, mikono myeusi mpaka viwiko. Mimi nilishazoea kuingia pale na habari nzuri. Nikamwambia. Nilitegemea kejeli, na Mungu anajua ningeistahili.

Akaendelea kupanga. "Nilimchangia mara mbili," akasema. "Ya pili ni ile wiki mvua ilinilowesha mkaa wote." Akapangusa mikono kwenye gunia. "Basi ada yangu haikupotea. Kijana anaandika vizuri."

Angenipiga kofi ningeshukuru.

Akanifuata mpaka barabarani. "Mimi nimetuma mara tano," akasema chini chini. "Dereva wangu hajui. Usimwambie mtu."

"Bahasha unazo?"

"Zote. Kwenye debe."

"Nipe."

Jumapili, 28 Aprili

Simu imeita saa ile ile ya kila Jumapili. Sikupokea. Mvua imepungua.

Jumatatu, 29 Aprili

Tumekwenda kituoni, mimi na dada, bahasha zetu na za mama muuza mkaa kwenye mfuko wa plastiki. Karani wa posta alikuwa ametangulia kuzungumza na askari wa zamu. Njiani kwenye madimbwi nilimpa dada mkono akaupokea.

Askari alikuwa kijana mstaarabu. Alipanga zile bahasha, akasoma moja, akatabasamu kidogo kisha akaacha kutabasamu. Akamgeukia dada, kwa kuwa ndiye aliyetapeliwa.

"Mama, kuna mtu yeyote unayemfahamu katika watu hawa?"

"Simfahamu," dada akasema.

"Hata kwa kumhisi tu?"

"Nimekwambia simfahamu, baba. Mimi ni mzee, napokea barua tu."

Akashika mkono wangu chini ya meza, akaubana kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Alinifungulia mlango. Ningenyamaza, tungeondoka wote watatu wasafi, mimi, yeye na yule. Karani alikuwa anatazama dirishani. Nilifikiria shahada ya Profesa iliyo kwenye fremu, ukutani, juu ya cherehani, mahali ambapo kila mteja lazima aione anapopimwa. Nilifikiria pia debe la mama muuza mkaa, na wanawake wa mitaa nisiyoijua ambao leo hii wanakaa kwenye vigoda vyao wanasoma kwamba kuna anayewapenda anawangoja nje.

"Mimi namfahamu," nikasema. "Ni mwanangu."

Dada akauachia mkono wangu.

"Una hakika, mama?" askari akauliza. "Nikishaandika sifuti."

Nikamtajia majina yake yote matatu, na herufi zake, moja moja, kama nilivyokuwa nikiwatajia walimu siku ya kumwandikisha. Nikamtajia jengo, ghorofa, na kampuni iliyo kwenye jalada la kitabu hiki. Nikaweka sahihi. Askari akasema mwandiko wangu ni mzuri. Nikamrudishia kalamu.

Dada alirudi nyumbani mbele yangu, bila kugeuka, na mguu wake ule. Nilipofika alikuwa ameshajifungia.

Jioni nimempigia simu Profesa, kwa sababu nilitaka alisikie kutoka kwangu kabla hajabishiwa mlango. Amepokea mara moja, kumbe alikuwa anangoja. "Mama," akasema, "nilidhani umenikasirikia." Nikamuuliza kwanza kama amekula. Akasema amekula.

Nikamwambia.